Matope Chini ya Mzigo wa Kuni

Juzi mjukuu wangu Barasa aligongwa na gari nyingine huko nje ya Nakuru, akanipigia simu. Cha kwanza kuniambia si kwamba ni mzima. Aliniambia, "Guka, usijali, kuna jamaa mzuri sana hapa ananisaidia."

Mimi nikasimama. "Mzuri vipi?"

"Amesimamisha gari yake, amenipa maji, anaongea na watu."

"Ulimuita?"

"Hapana, alikuja tu."

"Haya, mwambie asante, aende zake."

"Guka!"

"Barasa, nimesema aende."

Akafanya hivyo. Ni kijana wa kusikia. Wajukuu wananiita Guka, babu kwa Kikuyu, ingawa mimi ni Mbukusu, kwa sababu mama yao ni wa hapa Ngoingwa, na mimi mwenyewe nimezeeka upande huu wa Thika mpaka nikienda kwetu wananiuliza nimetoka wapi. Nimeshika usukani wa lori zaidi ya miaka thelathini. Nyinyi vijana mkigongana mnatoa simu, mnapiga picha, mnaanza kutukanana. Sasa kaeni niwaambie kazi ilikuwaje, na mtanielewa kwa nini mtu akiniletea kikombe cha maji nauliza kwanza maji yametoka wapi.

Aliyenifundisha lori ni Mkamba mmoja, Mzee Kilonzo, aliyejifunza gari katika jeshi la Mwingereza huko Burma. Alikuwa mfupi, anakalia gunia lililokunjwa ndiyo aone barabara. Mambo ya gia alinifundisha wiki mbili. Mambo ya ajali alinifundisha mwaka mzima, kila siku kidogo, tukiwa tunabeba mawe kutoka kwari, yale machimbo ya upande wa Juja. Alikuwa akisema dereva anajulikana siku gari imesimama.

"Ukigonga ama ukigongwa mbali na kwenu," alisema, "zima injini. Toa waya wa betri. Weka jiwe kwa gurudumu. Halafu funga mdomo."

"Nifunge mdomo hata nikiwa sina makosa?"

"Hapo ndiyo ufunge kabisa."

Alinifundisha kuvunja matawi na kuyalaza barabarani, mbele na nyuma, mbali ya kutosha ili anayekuja kwa kasi apate kusimama. Alinifundisha kujua mahali nilipo kwa jina la wenyewe. Hilo nililidharau, na siku moja nikawaambia polisi lori yangu imekwama "pale kwa mama wa uji," kwa sababu sisi madereva ndivyo tulivyopaita. Walizunguka mpaka jua likaegemea wakinitafuta, na waliponipata, wee, nilitamani wasingenipata. Tangu siku hiyo kila daraja na kila kona nauliza wenyeji, hapa panaitwaje.

Na Mzee Kilonzo alikuwa na mambo mawili aliyoyarudia kuliko yote. La kwanza: mtu akikuletea chai kabla hujaiomba, mwogope. La pili: usiangalie nyuso za watu, angalia chini. Magari mawili yakigongana, matope yaliyokauka ndani ya madigadi yanaanguka palepale, wakati uleule. Gari inaweza kuruka, kuzunguka, ikaenda kusimama mahali pengine kabisa, lakini matope yanabaki pale yalipogongana. "Kwa hivyo nani alikuwa upande wa nani, uliza matope," alisema. Nikasema ndiyo mzee, nimesikia. La chai nililishika. La matope lilipita sikio hili likatoka lile.

Sasa mjue ilikuwa wakati wa Imajensi, Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na watu wa msituni. Wakikuyu wa huku walikuwa wamehamishwa wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na mtu hatoki bila pasi inayosema anatoka wapi anaenda wapi. Sisi wa kutoka magharibi tulikuwa tunatembea bila taabu nyingi, na kwa sababu hiyo wenyeji hawakutuamini. Na sisi hatukuwaamini wao. Mzungu hakumwamini yeyote. Ukisalimiwa na mtu usiyemjua, unajiuliza anataka nini. Nawaambia ukweli, hewa yenyewe ilikuwa ya kushukuana.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu na lori, nimebeba mawe ya kujenga. Nilikuwa nimetoka kwari asubuhi, na mnajua udongo wa Juja, ule mweusi wa kunata, ukikauka chini ya gari ni kama simiti. Nikakata barabara ya udongo mwekundu inayopita katikati ya mashamba ya kahawa, nikielekea upande wa Gitothua huko Ruiru. Kuna kona moja pale, kahawa imefunga pande zote. Niko kushoto kwangu, pole pole, mzigo ni mzito. Nikaona pikapu inakuja imekata kona yote, iko upande wangu.

Puu!

Ilinigonga pembe ya mbele, mkono wa kulia. Steringi ikanitoka mkononi, gurudumu likaingia ndani likaivuta lori upande wa kulia, tukavuka barabara, tukaingia kwa kahawa ya watu. Nilipofungua macho niko mzima, meno yote yapo, lakini lori yangu iko upande usio wangu. Mtu yeyote akija sasa hivi ataona dereva Mwafrika alikuwa upande wa Mzungu.

Na Mzungu mwenyewe akaliona hilo mbio kuliko mimi. Alikuwa bwana wa shamba moja la karibu, wafanyakazi walimuita Bwana Kiko kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni, na hata siku hiyo alishuka akiwa nacho, mdomo umepasuka kidogo. "Wewe ona," akaniambia. "Lori yako iko upande gani? Wewe kuja upande yangu." Akatoa karatasi, akaandika Kizungu mistari minne, akanipa wino. "Weka dole gumba hapa."

Nikakumbuka, funga mdomo. Nikasema, "Bwana, mimi siwezi kusoma hiyo."

"Hapana soma. Weka dole tu."

"Bwana, nitaweka mbele ya polisi."

Aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Niwaambie nilikuwa naogopa nini, ndiyo msifikiri ni lori tu. Tajiri wangu alikuwa Mhindi mmoja wa Thika, si mtu mbaya, lakini dereva akinyang'anywa laiseni kwake anaondoka nyumba ya kampuni siku hiyohiyo. Bibi yangu alikuwa ndani ya nyumba hiyo, siku zake zimekaribia za kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Na hiyo ni kama ningeepuka jela. Dereva Mwafrika kumgonga Mzungu wakati ule, jela haikuwa mbali.

Bwana Kiko akaenda kwa miguu nyumbani kwake kupiga simu. Mimi nikafanya kazi yangu: betri, jiwe, matawi. Nikavunja matawi ya miti ya kivuli, nikalaza upande huu na upande ule wa kona. Barabarani palikuwa na vioo vingi, nikafunika pia, matairi ya watu yasitobolewe. Na hapo kwenye vioo palikuwa na madonge ya udongo mweusi, makubwa kama ngumi. Niliyaona kwa macho na sikuyaona kwa akili. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuangalia nyuso.

Kwa sababu kulikuwa na uso mmoja pale. Mama mmoja, mtu mzima, alikuwa ametokea kwa kahawa na mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama mama wa Kikuyu anavyobeba. Akanitazama. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kuvunjika, "Weye ni wa wapi? Hii gari iko na mtu mwingine ndani?"

Sasa, mtu mwema anauliza hivyo kwa nini? Nikamjibu, "Wako." Hakukuwa na mtu. Akatingisha kichwa, akaenda akatua mzigo wake barabarani, juu ya matawi niliyofunikia vioo, akaukalia. Nikasema moyoni, huyu anangoja niondoke achukue betri. Ama amewekwa hapa na wenziwe aangalie.

Nikiwa bado namchunga akafika nyapara wa Bwana Kiko, Mkikuyu kijana, shati safi. Mkononi ana kikombe cha bati. "Pole sana, ndugu. Mungu amekusaidia. Kunywa chai, halafu ukapumzike pale kwa kivuli, umetetemeka sana." Chai ya maziwa, jamani, na sukari imejaa. Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Nikaipokea, nikasema asante, nikamwangalia machoni, nikaimwaga chini yote. Kijana alikasirika! Lakini hapo nilikuwa sawa, na mpaka leo najua nilikuwa sawa, kwa sababu baadaye kidogo nilimwona anarudi kwa upande ule mwingine, sasa hana kikombe, ana jembe.

Nilikuwa chini ya lori nikisukuma jiwe vizuri. Nikaona nyapara amemfikia yule mama. Wakaanza kuongea Kikuyu mbio mbio. Wakati huo sikujua hata neno. Nyapara anaonyesha barabara kwa jembe, mama anatingisha kichwa, hainuki. Nyapara akashika kamba ya kuni kama anataka kuvuta. Mama akasimama, akashika pindo la shuka yake, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Aiya! Yule kijana aliruka nyuma kama amekanyaga siafu, akaacha kuni, akaenda na jembe lake karibu mbio. Mama akakaa tena.

Mimi nikajiambia: hawa ni kitu kimoja, wamekosana kwa kugawana. Ndivyo nilivyosema, naapa. Nikamkazia macho mpaka yakaniuma.

Polisi wakaja na Landrova, na hapa nicheke kidogo kabla sijalia. Kufundishwa kwangu matawi kulikuwa kabla ya Imajensi. Wakati wa Imajensi, matawi barabarani kwenye kona, katikati ya kahawa, hiyo si alama ya ajali. Huo ni mtego wa watu wa msituni. Landrova ilisimama mbali, nikasikia bunduki zinakokwa, na sauti inasema lala chini. Nililala kifudifudi na kinywa kimejaa vumbi, nikipiga kelele, "Ni ajali! Mimi ni dereva! Ni ajali!" Bahati yangu, askari mmoja alikuwa mtu wa kwetu, akanitambua kwa ulimi. "Huyu ni Mbukusu," akamwambia Inspekta. Inspekta alikuwa Mzungu kijana, uso mwekundu, mchovu. Akaniruhusu kuinuka. Akaangalia lori, akaangalia iko upande gani, akaandika. Halafu akauliza, "Na huyo mwanamke?"

Ningeweza kusema ni mpita njia. Ningeweza kusema sijui tu, nikaacha hapo. Lakini nilikuwa nimetishwa, nimelala vumbini mbele ya watu, na nilitaka sana wamuangalie mtu mwingine asiwe mimi. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Simwelewi huyo. Amekaa hapo tangu ajali. Alikuwa anaongea mambo na mtu."

Wakamuuliza pasi. Pasi yake ilisema kijiji mpaka shamba la kahawa. Haikusema barabara. Wakamwinua wakamweka ndani ya Landrova, na mimi pia wakaniweka, tukakaa tukielekeana magoti. Hakuniangalia hata mara moja. Kuni zake zilibaki pale juu ya matawi, hakuna aliyejali.

Mvua ikanyesha usiku ule wote. Asubuhi Inspekta aliturudisha pale na kamba ya kupimia. Barabara ilikuwa imeoshwa, nyekundu safi, huwezi kuona alama ya tairi hata moja. Bwana Kiko alikuwa amekwisha kufika na kiko chake. Walisemezana Kizungu, wakaonyesha lori yangu, na Inspekta akanigeukia akasema, "Hii ni wazi. Wewe ulikuwa upande wake." Niliona bibi yangu na mizigo yetu nje ya mlango. Nilimwona wazi kabisa.

Ndipo yule mama akasema kutoka kwa gari. Hakupaza sauti. "Inueni kuni yangu."

Askari wakacheka. Akarudia, "Inueni kuni yangu, na matawi."

Yule askari wa kwetu akainua mzigo, akavuta matawi. Chini yake palikuwa pakavu, na madonge ya udongo mweusi yamekaa vilevile yalivyoanguka, juu ya barabara nyekundu. Yote upande wa kushoto. Upande wangu. Inspekta akachuchumaa. Akachukua donge moja, akaenda mpaka kwa lori, akakwangua chini ya madigadi iliyopasuka, akalinganisha. Akamuuliza mama, "Uliona?"

"Niliona. Nilikuwa naokota kuni pale. Pikapu ilimfuata kwake."

"Kwa nini ulikaa hapo?"

"Nyapara alitaka kulima barabara. Mtu akilima barabara anazika kitu."

Bwana Kiko alizima kiko. Usiniulize kama alishtakiwa. Hakushtakiwa, nani angemshtaki? Lakini nilirudishiwa laiseni yangu mchana huo, na mtoto wetu alizaliwa ndani ya nyumba ya kampuni, juu ya kitanda.

Yule mama alirudishwa kituoni kwa ajili ya pasi. Nilimwona akipandishwa. Ningeweza kwenda kwa Inspekta nikasema, bwana, huyu hakuwa na neno, ni mimi niliyemsemea bure. Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Niliangalia viatu vyangu mpaka gari ikaondoka.

Nilipomwambia Mzee Kilonzo, hakunisifu kwa kukataa karatasi wala kwa kumwaga chai. Aliniuliza, "Na wakati wote huo macho yako yalikuwa wapi?" Nikasema kwa mama. "Basi," akasema, "matope yalichungwa na mwenye akili." Ni yeye aliyenieleza maana ya lile pindo la shuka, kwa sababu aliwajua Wakikuyu. Mama wa umri wa mama yako akikuvulia nguo kwa hasira, hiyo ni laana, haina dawa. Ndiyo maana nyapara alikimbia, na hata usiku hakurudi kuzigusa zile kuni.

Walimweka ndani siku tisa. Nilipata habari ametoka, nikaomba ruhusa ya kuingia kijijini kwao, nikaenda na sukari na majani ya chai. Jina lake lilikuwa Mama Nyokabi. Alikuwa amekaa mlangoni mwa kinyumba chake anachambua maharagwe. Hakushangaa. Akaniambia keti, akaweka sufuria motoni.

Nikaanza na asante nyingi, zikaisha. Nikasema, "Mama, siku ile... uliona aliyekuonyesha kwa polisi?"

"Niliona."

"Na bado ukasema ukweli juu yangu?"

Akakoroga sufuria. "Niliulizwa gari ilikuwa upande gani. Sikuulizwa weye ni mtu gani."

Ngai, nilitamani ardhi inimeze. Ndipo akanieleza habari za mzee wake, mumewe. Siku za msako watu walipangwa mstari, na mbele yao akapitishwa mtu aliyefunikwa gunia, lina matundu mawili ya macho tu. Akikutingishia kichwa unachukuliwa. Alimtingishia mzee wake, na mpaka siku ile niliyokuwa pale hakujua mzee wake yuko kambi gani, wala kama yu hai.

"Yule alivaa gunia," akasema. "Kila mtu wa kijiji hiki nikimuona najiuliza, ni weye? Kila siku. Weye nilikuona uso. Nimepumzika na weye." Akamimina chai katika kikombe cha bati, akaona mkono wangu umesita, maana mwili una mazoea yake. Akacheka kidogo, mara ya kwanza. "Kunywa, dereva. Haina kitu."

Nikanywa. Na machozi yakaingia mle mle ndani ya kikombe, sioni haya kuwaambia.

Basi hayo nilipanga kumwambia Barasa akirudi. Amerudi jana, anachechemea, mguu umefungwa. Nikamuuliza kama alizima injini, akasema ndiyo. Kama aliweka sahihi mahali popote, akasema hapana. Nikafurahi sana, nikamwambia wewe ni damu yangu.

Akasema, "Lakini yule wa gari nyingine anasema mimi ndiye nilimfuata upande wake. Polisi wanataka mtu aliyeona."

"Na nani aliona?"

Aliketi, akaweka mguu wake juu ya kiti pole pole.

"Ni yule jamaa tu, Guka. Alikuwa nyuma yangu, aliona kila kitu. Sikuchukua hata jina. Ulisema aende."

Mimi nikaangalia viatu vyangu.